Mume Wangu wa Televisheni

Watu wakimtaja huanza kucheka kabla hawajasema lolote. Nimeyaona hayo msibani, hospitalini, hata kanisani. Mmoja atataja jina lake, mwingine atashika mbavu, wa tatu atanigeukia na kusema, "Na wewe si ndiye uliyekuwa mkewe!" Kisha wote watanitazama wakingoja nami nicheke. Mimi jina lake silitaji. Nitamwita Mchekeshaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Nalisema hilo mapema ili nisiambiwe nina kijicho. Simpendi, na sababu yangu ninayo.

Nilikuwa mkewe kwenye televisheni tu. Kila Ijumaa nilimfokea, nikamkimbiza na mwiko, nikamfungia mlango wa mbao nyepesi ambao kishikio chake kilikuwa kikichomoka, na kila mtu wa Kampala aliyekuwa na televisheni, au aliyekuwa na jirani mwenye televisheni, alifurahi. Siku hizo wanajeshi walikuwa wametwaa nchi, na walitaka Kiswahili kisikike kwa sababu ndicho walichokizungumza kambini. Wenyeji wengi wa mjini hawakukipenda. Waliona ni lugha ya mtu anayekusimamisha njiani akiwa na bunduki. Mchekeshaji alikichukua Kiswahili hichohicho, akakipinda, akakijaza Kiganda, akasema "kalibuni" na "kweri kabisa" kwa makusudi, na watu waliokichukia wakaanza kuyarudia maneno yake sokoni. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa tumetoka upande wa Kongo pamoja na mama yetu, tukamfuata mjomba aliyekuwa akiuza nguo katika soko la Owino. Kiswahili tulikuwa nacho nyumbani, ndiyo maana Mchekeshaji akatutaka.

Mimi alinipa mwiko. Mdogo wangu alimpa ngoma.

Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara moja na kuendelea. Alikuwa akikamatwa na neno mpaka shingo ikamsimama mishipa, na mara nyingi aliliacha na kuonyesha kwa mkono. Lakini mikono yake ilikuwa na ufasaha ambao ulimi ulimnyima. Mchekeshaji alipomsikia akipiga ngoma kwenye sherehe moja ya Wakongo, halafu akamsikia akijaribu kutaja jina lake, macho yalimng'aa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilidhani amemwonea huruma, kumbe alikuwa amepata mchezo.

Mchezo wenyewe nitaueleza, maana bila huo hamtaielewa hasira yangu. Mchekeshaji alikuwa akisimama mbele ya watu na kusema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema: kwamba sukari imekuwa adimu hadi nyuki wanaulizwa walikoipata, au kwamba mkubwa fulani amepewa duka la Mhindi aliyefukuzwa na hajui hata mlango unafunguka upande gani. Ukumbi ukishashtuka, yeye anaruka nyuma, anatumbua macho, na kunyoosha kidole kwa mdogo wangu aliyekaa pembeni kimya. "Siyo mimi nasema!" anapiga kelele. "Ni ule wa ngoma!" Na mdogo wangu, bila kubadilisha uso hata kidogo, anapiga ngoma mara moja: du! Maana yake, ndiyo, ni mimi. Watu walikuwa wakilia kwa kucheka. Walijua yule wa ngoma hajafungua kinywa, na Mchekeshaji alijua kuwa wanajua, na kila mtu alirudi nyumbani salama. Mdogo wangu aliupenda mchezo huo kuliko alivyoupenda usingizi. Aliniambia, kwa taabu yake ileile, kwamba jukwaani ndipo mahali pekee ambapo watu walimsubiri ajibu.

Tumbo kubwa la Mchekeshaji jukwaani lilikuwa mto wa kitanda. Watu walishangaa wakimkuta barabarani, mtu mwembamba aliyenyoa vizuri, mwenye uso wa karani aliyekosa kupandishwa cheo. Nje ya jukwaa hakucheka kamwe. Ukimwambia jambo la kuchekesha alikusikiliza kama daktari, kisha akakuuliza, "Alisimama wapi aliposema hivyo? Mkono wake ulikuwa wapi?" Alikuwa akishinda Owino, katikati ya wauza nguo na wauza sufuria, hanunui kitu, anatazama tu jinsi watu wanavyotembea. Akimwona mama anayebeba mzigo na kuvuta mguu mmoja, Ijumaa utamwona yeye akiuvuta. Watu walisema ni kipaji. Mimi nasema alikuwa akichukua bila kuomba.

Mama yangu alijiona akichukuliwa hivyo. Siku moja alipanga foleni ya sukari kutwa nzima, na ilipofika zamu yake akaambiwa imekwisha. Akamsihi muuzaji kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Baba, unipatie ata kidogo, batoto banalala njaa." Mchekeshaji alikuwa nyuma yake kwenye foleni hiyohiyo. Ijumaa ile mama alikaribishwa kwa jirani kutazama televisheni, akajiona: kitambaa chake kichwani, mikono yake iliyokunjwa kifuani, na "batoto" yake ikirudiwarudiwa. Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Mama naye alijitahidi kucheka kwa kuwa alikuwa mgeni katika nyumba ya watu. Aliporudi kwetu alikaa na kile kitambaa mikononi akikikunja na kukikunjua. Nilipomkabili Mchekeshaji, alinijibu akiniita bibi kwa Kiganda, "Nnyabo, mama yako sasa ni maarufu." Alidhani amenipa zawadi.

Alikuwa na usemi wake ambao alitulisha sisi wote wa kikundi: mtu anayecheka hawezi kukupiga. Aliuamini kabisa. Kwenye kituo cha ukaguzi barabarani, askari akimwomba kitambulisho, alijifanya kutafuta mifukoni, akatoa kijiko, akatoa soksi, mpaka askari akacheka na kumwacha. Nilikuwapo mara nyingi na nilishukuru. Lakini siku nyingine, kituo kilekile, niliwaona askari wakicheka vilevile huku wakimrusha mzee mmoja kichurachura juu ya lami. Nilimwambia Mchekeshaji, nami nikimwita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, hao je? Si wanacheka?"

Kimya ndicho kilichokuwa ugonjwa wake. Nauita ugonjwa kwa sababu niliuona ukimshika. Walimchukua kucheza katika filamu fupi, zile zilizozungushwa vijijini kwa gari ili kuwafundisha watu kuchemsha maji, na alishindwa vibaya sana. Mbele ya kamera hakuna anayeruhusiwa kucheka, kwa hiyo alikuwa akisema neno lake, anasubiri, anasikia mashine ikinguruma tu, na jasho linamtoka. Mwishowe aliwasihi mafundi wa taa wacheke kimyakimya kwa mabega. Filamu ile niliiona: anachemsha maji huku akiangalia pembeni, uso umejaa hofu. Kwenye televisheni alikuwa na nafuu kwa kuwa tulialika watu wachache wakae studio. Jukwaani ndiko alikokuwa mzima. Na jukwaani, mtu mmoja wa mstari wa mbele akikataa kucheka, Mchekeshaji aliwasahau wengine wote waliojaa ukumbini na kumchezea yule mmoja, akamwongezea chumvi, akamwongezea tena, hata ikawa karaha. Hilo ndilo lililotumaliza.

Ilikuwa Jumapili mchana. Maonyesho yote yalikuwa yamehamishiwa mchana kwa sababu watu waliogopa kurudi nyumbani gizani. Tulipokuwa tukivaa, Mchekeshaji alitufanyia majaribio ya mzaha mpya. Yule mkubwa wa nchi alikuwa akijipa nishani nyingine kila mara, na mzaha ulikuwa hivi: fundi wa Owino aliyeitwa kumshonea koti amelalamika kwamba kifua kimekwisha, na nishani zilizobaki sasa atazishona mgongoni, ili hata anayekimbia nyuma yake apate za kusoma. Mdogo wangu alicheka hadi akaangusha kijiti. Mimi sikucheka. Nilisema, "Ssebo, huo uache. Leo mstari wa mbele ni wanajeshi."

"Wewe naogopa nini, nnyabo?" alisema akijifunga mto wake. "Siyo mimi tasema. Tasema ule wa ngoma."

Mstari wa mbele alikaa ofisa mmoja na mkewe na watoto wao waliovalishwa vizuri. Alikuwa mgeni mjini, amehamishiwa kambi ya Makindye karibuni, na sidhani aliwahi kutuona hata mara moja. Mkewe alicheka. Watoto walicheka. Yeye aliketi na kofia yake magotini, akimtazama Mchekeshaji kama mtu anayesubiri kuelezwa shida. Niliona jasho likianza. Nyuki hawakumsaidia, duka la Mhindi halikumsaidia, hata nilipomkimbiza na mwiko ofisa hakutikisika. Nilijua kinachokuja kabla hakijaja, nami nilikuwa nyuma ya ule mlango wa mbao, sina la kufanya. Mchekeshaji alisogea hadi ukingo wa jukwaa na kusimulia habari za fundi wa Owino.

Ukumbi haukucheka. Uliacha kupumua. Ofisa aliinua mkono.

"Simamisha," alisema, bila kupaza sauti. "Hiyo maneno ya nishani, nani nasema?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapo palikuwa na nafasi. Angeweza kupiga magoti na kulia kwa mzaha. Angeweza kusema, afande, ni mchezo. Angeweza kukaa kimya. Lakini swali lile lilikuwa ndilo mchezo wenyewe. Yule ofisa, bila kujua, alikuwa amemuuliza Mchekeshaji kitu ambacho mwili wake ulikijibu kila wiki. Aliruka nyuma. Alitumbua macho. "Siyo mimi nasema, afande! Ni ule wa ngoma!"

Na mdogo wangu, aliyefundishwa vizuri, alipiga: du.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Watu walicheka kwa kuwa walikuwa wameogopa na sasa mchezo waliouzoea umewarudia. Mchekeshaji alishika tumbo lake la mto kwa mkono wa kushoto na kuinama hadi chini, kama alivyofanya kila alipopata kicheko kikubwa. Hakuwa na uwezo wa kukiacha kicheko kipite bila kukiinamia. Ofisa hakucheka. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, kisha akavaa kofia.

Walikuja watu wawili wa yule ofisa chumba cha kuvalia, mashati yamechomekwa, wapole. "Ule wa ngoma iko wapi? Afande nataka kuuliza yeye kidogo tu."

Mchekeshaji alikuwa mbele ya kioo akijifuta poda. Nilimwambia, "Waambie! Waambie ni maneno yako, ni mchezo!" Aliendelea kujifuta shavu moja, lilelile, ambalo lilikuwa limeshasafika. Mdogo wangu alisimama akajaribu kusema. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Mi... mi... mi..." Mmoja wao alimngoja kwa adabu kidogo, kisha akasema, "Si wewe nakubali? Ngoma sisi yote nasikia." Wakamshika viwiko. Alipopita mlangoni alimtazama Mchekeshaji, na Mchekeshaji alikuwa akijitazama kwenye kioo. Mdogo wangu aliondoka na kijiti cha ngoma mkononi.

Nilimtafuta. Nilikwenda Makindye, nikakaa kwenye nyasi ng'ambo ya barabara na wanawake wengine waliokuwa wakitafuta watu wao. Nilikwenda gereza la Luzira, na askari wa zamu, mtu mzima wa kaskazini, aliuliza ndani, akarudi akanambia, "Mama, hapa hakuna yeye. Rudi nyumbani, usiulize sana." Nadhani alinionea huruma. Sisi tulikuwa wageni, hatuna ukoo wa kutusemea. Mtu aliyekuwa akipokelewa na wakubwa kwenye karamu zao alikuwa mmoja tu, Mchekeshaji, na huyo aliniambia ngoja mambo yapoe. Ijumaa iliyofuata akataka nirudi na mwiko wangu. Niliukataa, akatafuta mke mwingine.

Nitasema na hili, nisije nikamnyima haki yake. Baada ya hapo alimletea mama yangu sukari. Alikuja mwenyewe, ameificha ndani ya koti, wakati nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa zimesahau ladha yake. Alikaa kidogo, akauliza hali, akaondoka. Alifanya hivyo kwa miaka, hata alipokuwa mgonjwa. Mama aliipokea. Mimi nilijua inatoka kwenye zile karamu, na chai yangu nikaizoea bila sukari, nainywa hivyo mpaka leo. Wakati mwingine nilimsikia akikohoa nje kabla ya kubisha hodi, akijiandaa, na nilifikiri, leo atasema. Hakusema.

Majirani waliamini mdogo wangu alikuwa na mdomo. "Mukongo yule, nani alimtuma kumtukana mkubwa?" walisema. Mama alikuwa akiwajibu, "Mutoto yangu hakuwezaka kusema ata jina yake bila kukwama!" Walimhurumia na hawakumsadiki.

Kisha wanajeshi wale wakaondolewa, na watu wakapata ruhusa ya kusimulia. Mchekeshaji naye akasimulia, redioni, kwa sauti ya kuvunjika. Nilidhani sasa hana wa kumwogopa. Mnajua alisema nini? Alisema alikuwa na rafiki, mpiga ngoma, shujaa, ambaye alisimama mbele ya ofisa na kusema maneno ya nishani bila kutetemeka. Alilia. Mtangazaji naye alilia. Watu wakaja nyumbani kumpa mama pongezi kwa kuzaa simba. Mama aliwatazama, akaniambia walipoondoka, "Umulete. Aseme mbele ya batu: ni mimi nilisema."

Nilikwenda kwake. Alinikaribisha kwa heshima zote, nnyabo nyingi, akasimama mwenyewe kunivutia kiti. Nilimweleza anachotaka mama. Alikaa kimya muda mrefu, na kimya kile, ajabu, hakikumsumbua. Kisha akasema, "Nnyabo, mimi nimemfanya shujaa. Unataka nini tena?" Nilitoka bila kuaga. Mama alikufa akiwa bado anauliza kama yule mtu atakuja.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa harusini, katika ukumbi mmoja upande wa ziwa, chini ya Luzira. Bibi harusi alikuwa binti wa jirani yangu. Ananiita Shangazi tangu alipojifunza kusema. Kula kulipokwisha, mshereheshaji alitangaza kwamba kuna mgeni wa ajabu, na Mchekeshaji akaletwa ameshikwa mkono. Uzee ulikuwa umemkausha, lakini mto alikuwa ameuvaa. Hakuniona. Alimnong'oneza mpiga ngoma wa bendi, na nilijua anamwambia nini: nikinyoosha kidole, piga moja.

Alianza na nyuki. Sauti ilikuwa imechoka, ila macho yalikuwa yaleyale, yakitafuta nani hajacheka. Akaja kwenye fundi wa Owino. Vijana ambao hawakumwona yule mkubwa hata siku moja walicheka. Akaruka nyuma, yaani alijaribu kuruka. "Siyo mimi nasema! Ni ule wa ngoma!" Du! Ukumbi ukashangilia.

Sikupanga. Miguu ilinisimamisha yenyewe, na nikayasikia maneno ya ofisa yakitoka kinywani mwangu. "Hiyo maneno ya nishani, nani nasema?"

Alinitambua kwa sauti kwanza, kisha kwa uso. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kupanda kwenda kwa mpiga ngoma. Ulifika katikati, ukasita, ukarudi polepole hadi kidole kikagusa kifua chake. "Ni mimi," alisema. Hakukipinda Kiswahili, hakutumbua macho. Ilikuwa sauti ya mtu mzee tu. "Ni mimi niliyesema. Yule mtoto wa watu hakusema neno."

Mpiga ngoma wa bendi aliona kidole kimenyooka. Akafanya alivyoagizwa: du!

Ukumbi mzima ulilipuka. Watu walipiga meza, walifuta machozi, wengine walisimama kwenye viti. Mchekeshaji aliendelea kunitazama, midomo yake ikijaribu kusema kitu kingine, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikwama kwenye neno mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kicheko hakikumsubiri. Kilizidi kupanda, na nikauona mkono wa kushoto ukienda kwenye ule mto. Akainama hadi chini.

Niliketi. Bibi harusi alinijia mbio, amekusanya gauni mikononi, akanikumbatia shingoni huku bado anacheka. "Shangazi," alisema, "kumbe mchezo wenu bado mnaujua wote!"